Barua kwa Beki Niliyemruka Mara Mbili

Mapendo mwanangu,

Mama yako amenipa karatasi hizi pamoja na orodha ya kichwani: nikukumbushe sabuni, Biblia, blanketi, usiazimishe ndala zako, usile ukitembea barabarani. Nimemwitikia vizuri kabisa. Lakini hayo yote ameshakuambia tangu Jumapili, na ndala zenyewe amezichoma jina lako kwa waya wa moto, hata mwizi akizivaa atakuwa anakutangaza. Kwa hiyo siandiki hata moja. Karatasi ni chache na mimi nina maneno mengi, hilo unalijua, wakimbizi wa Nakivale nzima wanalijua.

Saa hizi ni saa kumi. Wewe uko kanisani unaagana na wenzako wa kwaya, na mimi niko kibandani kwangu, simu za watu zinachaji mbele yangu kama vifaranga wamelala. Kesho asubuhi unakwenda Mbarara shuleni. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini mdomo wangu ndio ulioleta matatizo, basi leo nimeupa likizo. Usiucheke mwandiko. Shule niliiacha darasa la tano kule Kivu, na huwa nasema ni vita iliyonitoa, lakini hata bila vita mimi na mwalimu tulikuwa hatuelewani. Ila mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa wachungaji wawili ninaowajua.

Sababu ya barua ni hii. Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba napigilia mlango wa banda la kuku, nikakusikia ndani unamwambia mama yako kwamba likizo ya mwezi wa tano hutarudi, utabaki Kakoba, hukohuko Mbarara, kwa shangazi yako. Mama yako akauliza kwa nini. Ukamjibu, "Nirudi kufanya nini? Baba ana wachezaji wake."

Nilibaki na nyundo mkononi. Kuku walinitazama, nami nikawatazama.

Tangu siku ile ya kuvuta watu hujanipa neno refu kuliko "mm". Nina "mm" ya asubuhi, nina "mm" ya chakula, na iko "mm" ya kulala ambayo ni fupi kidogo. Nimekaa na hizo "mm" zako mwezi mzima nikijifanya sioni, nikisema ni umri, wasichana wa miaka kumi na sita ndivyo walivyo. Uongo. Najua ni nini. Ndiyo maana nataka nikusimulie siku ile kutoka upande wangu wa benchi, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama upande wa wachezaji na hukuona kilichokuwa kichwani mwangu. Hukukosa kitu kikubwa, lakini ni haki yako ukione.

Unajua tunavyofanya. Kila likizo wasichana wote wanaotaka kucheza wanasimama mstari mmoja uwanjani Kabazana, na sisi makocha wanne tunakaa kwenye benchi. Tunavuta kwa zamu, mimi mmoja, wewe mmoja, yule mmoja, raundi baada ya raundi mpaka kila kocha ana timu. Zamani haikuwa hivi. Zamani Wakongo walicheza na Wakongo wenzao, Warundi na Warundi wenzao, na mechi ilikuwa inaisha kwa ngumi. Tulipoanza kuvuta, watu wakachanganyika, na ngumi zikabaki za makocha tu.

Na iko sheria moja ambayo haijaandikwa fasi yoyote: mtoto wa kocha havutwi na kocha mwingine. Anasimama pale mstarini wenzake wakiondoka mmoja mmoja, mpaka raundi ya mwisho, ndipo baba yake anamwita. Ni heshima. Hakuna anayeivunja, kwa sababu kila kocha ana mtoto, au atakuwa naye.

Hapo ndipo ujanja wangu ulipokaa, na nilijiona mwerevu kuliko ofisi zote za hapa. Hesabu ni nyepesi. Washambuliaji wazuri wanaisha haraka, kila mtu anawataka, basi uwavute mapema. Mabeki unaokota mwishoni. Na mimi beki bora wa Nakivale nilikuwa naye nyumbani, anakula ugali wangu, ananingoja mpaka raundi ya mwisho bila kunigharimu hata zamu moja ya mapema. Likizo tatu nilivuta hivyo. Likizo mbili nilibeba kombe, na ile ya tatu mwamuzi alikuwa na malaria.

Hapa kibandani nilikuwa nawasimulia watu magoli, kila goli na jina la mfungaji na mguu aliotumia. Wewe ulikuwa unaleta simu ya mama yako kuchaji, unasimama pale mlangoni unasikiliza. Jina lako sikulitaja hata siku moja. Sikuwa nakuficha. Nilikuwa nakuona kama ukuta wa nyumba, na mimi sijawahi kumsikia mtu anausifu ukuta wake. Wanausema siku ukianguka.

Likizo hii akaja Mama Esperansi.

Timu ya Kabazana siku zote tunampa mtu kutoka kwa wageni, wale walio bado kwenye mapokezi wakingoja kupewa kiwanja chao, ili nao waone wamefika kwa watu. Mama huyu alikuwa na wiki tatu tu Uganda. Mjukuu mgongoni, kitenge cha njano, anaongea polepole kama mtu anayepima unga. Nilimwuliza kama mpira anaujua. Akasema kwao Fizi alikuwa kipa wa timu ya wamama wa parokia. Nilicheka mpaka Koplo akaniambia nikae vizuri. Koplo unamjua, yule askari wa kambi ya Mbarara aliyeoa huku kwetu, akipata ruhusa anakuja kulima na mke wake na kutuchezeshea mechi. Yeye ndiye alikuwa na chaki na ubao.

Kura ikanipa nafasi ya kwanza, Mama Esperansi ya mwisho. Nikasimama. Wenzangu wanavuta wakiwa wamekaa, mimi nasimama, watu waone. Nikamvuta Aline, yule anayekimbia kama amesahau sufuria motoni. Kocha Deo akavuta mshambuliaji, Kocha Bosco akavuta winga. Mama Esperansi akaangalia mstari wote, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akamvuta kipa.

Kipa, raundi ya kwanza. Haijawahi kutokea hapa. Nikamwambia, kwa heshima lakini kwa sauti ya kufika mpaka kwenye bomba la maji, kwamba mama, leo tunachagua wachezaji, walinzi wa usiku wanaandikwa ofisi nyingine. Watu wakacheka. Hata wewe ulicheka, nilikuona. Ni mara ya mwisho nilikuona ukinichekea.

Yeye hakukasirika. Alimpisha yule kipa akae karibu yake, akanijibu bila kugeuka, "Baba, benye kupenda kufunga beko bengi. Benye kukubali kubakia nyuma, uhesabu."

Kwamba wa kufunga ni wengi na wa kubaki nyuma ni wa kuhesabu, nikaona ni maneno ya wamama wa parokia. Raundi ya pili nikamvuta Riziki wa mguu wa kushoto. Macho yangu yalikupita vile mtu anavyoupita mlango wake mwenyewe, akijua hauhami. Deo na Bosco nao wakakupita, wao kwa sababu ya ile sheria. Ikafika kwa Mama Esperansi. Akanyoosha kidole. "Ule murefu, wa sketi ya bleu. Banamuita Mapendo."

Deo akakohoa. Bosco akamweleza taratibu kwamba mama, huyo ni mtoto wa kocha, sisi hapa hatumgusi. Na Mama Esperansi akanigeukia, si kwa ubaya, kwa mshangao tu, kama mtu anayeulizia njia.

"Kama ni mutoto yako, juu ya nini haukumuchukua?"

Mapendo, jibu lilikuwepo. Ningesema, kwa sababu ni wangu. Ningesema, huyo ndiye wa kwanza kuliko wote, ndiyo maana nilikuwa nimetulia. Lakini watu walikuwa wananiangalia, na mimi nikiangaliwa na watu ulimi wangu unapanda pikipiki. Nikasema, "Muchukue tu, mama. Beki ni kama chumvi, iko kila duka."

Koplo akaandika jina lako upande wa Kabazana. Ukavuka kwenda kwake. Ulitembea wima, bila haraka, na hukugeuka.

Kwa hasira, raundi ya tatu na ya nne nikavuta washambuliaji wengine wawili. Koplo akashusha chaki. "Wewe Baba Mapendo nachukua watu ya mbele tu. Nyuma nani nakaa?"

Nikamwambia asijali, mpira ukiwa mbele saa zote nyuma hakuna kazi.

"Hata jeshi iko na watu ya nyuma, bwana," akasema. "Hao ndiyo napika chakula."

Usidhani ugonjwa huu niliupata kwenye mpira. Ni wa zamani. Kabla hujaanza shule nilikaa Mbarara miaka miwili, naendesha boda Kakoba. Hadithi zangu za Kakoba unazo zote, jinsi kila kona walivyonijua, jinsi watu wa saluni walivyokuwa wanatoka nje nikipita. Ni kweli walikuwa wanatoka. Ila sikukuambia walichokuwa wanakitokea. Nilinunua pikipiki kuukuu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifungia honi tatu: moja ya lori, moja inayolia kama ng'ombe, na moja inayopiga wimbo wa harusi. Fundi akaniambia breki ya nyuma imekwisha. Nikamwambia breki ni ya watu wanaotaka kusimama.

Bon, basi. Siku moja nikapata kazi ya kubeba maziwa kutoka Bwizibwera, mikebe miwili mikubwa, yamejaa mpaka shingoni. Njiani kuna mteremko. Nilishuka napiga honi zote tatu, na kila kitu barabarani kilinipisha, isipokuwa kona. Nikaingia kwenye ndizi za mama mmoja Mnyankole, nikasimama shina la nne. Maziwa yote chini. Ndama wake wakaja wakanilamba kuanzia viatu kupanda juu. Mwenye shamba akanikuta nimelala pale, na hakuniuliza kama nimeumia. Aliniuliza ni nani aliyenituma niwaletee ng'ombe wake maziwa.

Ndiyo maana shangazi yako wa Kakoba akisikia jina langu anapiga honi ya harusi kwa mdomo. Angekusimulia wiki ya kwanza, nimeona nimtangulie.

Lakini kipande hiki hata yeye hakijui. Nilirudi Nakivale na honi moja mkononi, pikipiki ikabaki kwa fundi milele. Mama yako alikuwa amelima mihogo na mahindi peke yake miaka ile yote miwili, na wewe mgongoni, na paa alilibadilisha mwenyewe. Hakunigombeza. Akaniwekea chakula. Nikala, na nikiwa nakula nikamsimulia jinsi nilivyojulikana Kakoba. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama ile honi inaweza kufukuza nyani shambani. Iliweza. Ndiyo kazi pekee ya maana niliyoileta kutoka mjini.

Sasa fainali. Wewe ulikuwemo uwanjani, lakini mimi nilikuwa pembeni, na pembeni ndiko kulikuwa na mateso.

Washambuliaji wangu wanne walisimama mbele ya goli lenu kama watu wanaongoja posho, kila mmoja mkono juu, kila mmoja anasema ni zamu yake. Hakuna aliyerudi kuufuata mpira, na nani angerudi, nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwamba nyuma hakuna kazi. Riziki alimnyang'anya Aline mpira miguuni, wote wawili wakiwa timu yangu. Nyuma nilikuwa na Jolie, niliyemwokota raundi ya mwisho kwenye nafasi yako. Mtoto mzuri, mwenye adabu, anafumba macho mpira ukimkaribia.

Aline alikujia na mbio zake zote. Ukamngoja. Hukumrukia, ulimwacha aonyeshe kila alicho nacho, halafu ukauchukua mpira kama mtu anachukua kikombe mezani. Akaja tena, hivyohivyo. Mara ya tatu alisimama akanigeukia mimi, kunilaumu kwamba nilikuzaa.

Na mimi pale pembeni nilikuwa napiga kelele, mbele, mbele, na katikati ya kelele hizo ulimzuia Riziki ukatoa pasi ya chini mpaka kwa winga wenu, nikajisikia nasema "safi kabisa". Si kimoyomoyo. Wachezaji wangu walisikia. Deo alikuwa amekaa karibu, akaniuliza niko timu gani. Nilimwambia nina kikohozi.

Mama Esperansi alikuwa na mshambuliaji mmoja tu wa maana. Alimvuta raundi ya tatu, na raundi ya nne akavuta mtu wa katikati wa kumlisha. Nilikuwa nimeuangalia ubao wa Koplo wiki nzima bila kuuona. Wawili wa nyuma kwanza, halafu mmoja wa mbele, halafu wa kuwaunganisha. Mimi nilikuwa na wa mbele wanne na hamu. Mpira mmoja ukatoka kwako, ukapita katikati, ukamfikia yule mmoja wenu, Jolie akafumba macho. Moja bila.

Na yule mwalimu wa Mbarara aliyekuja kutafuta wachezaji wa shule yao, ileile unayokwenda kesho. Mimi ndiye niliyemwekea kiti kivulini, nikamtafutia na soda ya baridi, ili amwone Aline vizuri. Mechi ilipoisha hakuniuliza habari za Aline. Aliuliza yule beki wa Kabazana ni mtoto wa nani. Nikasema ni wangu. Akaitazama jezi yako, akaitazama timu yangu, akanitazama mimi. Akasema hakuelewa. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Kwa kweli ilikuwa fupi sana.

Kesho yake nilikwenda Kabazana kumlalamikia Mama Esperansi. Ndiyo, kulalamika. Nilitaka ajue kwamba alivunja desturi. Nilimkuta anachambua maharage. Akanisikiliza yote bila kunikata, akaomba radhi kabisa, akasema hakuna aliyemwambia, hatagusa tena mtoto wa mtu. Nikashukuru. Nilikuwa nimeshashinda, ningeondoka. Lakini nikamwuliza alijuaje kuanzia nyuma, yeye mgeni wa wiki tatu, asiyemjua hata mtoto mmoja pale mstarini.

Hakuinua macho. "Wakati tulikimbia, baba, bale ba mbio tulibaacha batangulie. Mwenye nguvu nilimuweka nyuma. Nyuma njo batoto balikuwa."

Nilirudi nyumbani njia ile ndefu, na wale watoto wa nyuma kichwani.

Unaijua hadithi yangu ya kutoka Kivu. Nimekusimulia tangu ukiwa mdogo, mimi na miaka kumi na minne nikiongoza ukoo wote, mbele kabisa, nikiwafungulia njia. Nikuandikie iliyo sawa. Sikuongoza mtu. Nilikimbia. Nilikuwa na miguu, nikaitumia. Nilifika kwenye njia panda tuliyoambiana tukutane, siku nzima kabla ya wengine, na siku hiyo yote nilikaa juu ya jiwe na njaa, kwa sababu unga, sufuria na chumvi vilikuwa nyuma na bibi yako. Unajua nilikuwa nafanya nini pale juu ya jiwe? Nilikuwa najizoeza jinsi nitakavyowaambia kwamba nimefika wa kwanza.

Wakafika kesho yake jioni. Babu yako alikuwa wa mwisho kuliko wote, shangazi yako huyuhuyu wa Kakoba akiwa begani kwake, na nyuma yake hapakuwa na mtu tena. Nikamkimbilia nikaanza hadithi yangu. Akamshusha mtoto, akanisikiliza kidogo, akasema, "Vizuri. Sasa utafute kuni."

Hayo tu. Alizikwa hapa Nakivale wewe ukiwa bado hujaota meno, na mazishini walinipa nafasi niongee. Nikasimama nikasimulia jinsi nilivyotangulia. Babu yako, aliyetembea nyuma ya watu wote wale njia nzima akihesabu vichwa, sikumtungia hata sentensi moja. Mdomo wote huu.

Sikuandikii ili nikupe shauri. Ningekuwa na shauri ningelitumia mwenyewe, lisingekaa bure. Huko Mbarara huenda watataka ucheze mbele, kwa sababu una miguu mirefu na watu wanapenda kuona miguu inakimbia. Cheza unapotaka. Ukifunga goli nitalisimulia hapa kibandani mpaka watu wahamishe simu zao. Ninachotaka ni kulirudisha lile neno langu la chumvi. Na nililisema mbele ya watu, basi niliona si haki kulirudisha kwenye karatasi tu, wewe peke yako ukisoma.

Kwa hiyo sikiliza nilichofanya leo asubuhi.

Wakati mama yako anakusuka nywele, sisi makocha tulikuwa uwanjani tunavuta timu za mwezi wa tano. Tumevuta mapema, kabla wanaosoma mbali hawajaondoka, ili kila kocha ajue anamngoja nani. Asiyekuwepo anatajwa kwa jina tu. Kura ikanipa mimi tena nafasi ya kwanza, naona Mungu naye anapenda kutazama. Aline alikuwa amesimama mbele kabisa ya mstari, kamba za viatu ameshazifunga, anajua. Nikasimama. Nikasema, "Mapendo."

Koplo hakuandika. "Huyo nakwenda Mbarara, bwana. Tena ni mutoto yako, hakuna mutu nagusa yeye. Wewe naharibu namba moja bure."

Deo akasema nimepigwa na jua. Bosco akaniomba nikae kwanza, ninywe maji, nifikiri. Mama Esperansi alimhamisha tu mjukuu kutoka bega moja kwenda jingine. Nikalisema jina lako tena, refu, na la babu yako ndani yake, kosa lisiwepo. Nilitaka kuongeza hotuba. Nilikuwa nayo tayari, nzuri sana, iko na mifano. Nikakaa chini bila kuitoa. Muulize Koplo, yuko shahidi, amesema katika miaka yake yote ya jeshi hajaona kitu kama hicho.

Deo akamvuta Aline kabla hata sijafika benchi.

Raundi ya pili nilivuta mtu wa katikati. Ya tatu nikapata mshambuliaji, yule mwembamba wa Bosco, anafunga siku moja na siku mbili anapumzika. Jolie nimemchukua tena, amenihurumia akakubali. Mama yako habari zilimfikia kabla yangu, akaniuliza sasa nitafunga na nini. Nikamwambia hatutafungwa. Akasema hilo si jibu. Ni kweli, si jibu.

Unajua jezi zetu ni kumi na moja, hakuna wa akiba, na jina likishaandikwa kwenye ubao ule halifutwi mpaka likizo ipite. Lako liko juu kabisa ya orodha yangu, herufi kubwa, kila anayekwenda kuchota maji analisoma. Wengine wamenipitia hapa kunicheka, na simu zao nimezichaji vizuri tu.

Mwezi wa tano ukibaki Kakoba, sitatuma mtu kukuita. Una haki, shangazi yako anapika vizuri, na mji una mambo yake. Sisi tutaingia uwanjani hivyohivyo. Nyuma, upande wa kulia, patakuwa wazi. Wasichana wameniuliza nani atasogea azibe pale, nimewaambia asisogee mtu.

Wako, baba yako,
kocha ambaye mpaka sasa ana wachezaji kumi.